Sista Phelista Nasimiyu: Miaka Thelathini na Minne ya Uuguzi, Kumi na Sita Mlangoni mwa Kliniki ya Tumbo

Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025, Sista Phelista Nasimiyu atarudisha funguo za Kliniki ya Tumbo baada ya kuitumikia Hospitali ya Tumaini Jema, Bungoma na Kitale, kwa miaka thelathini na minne, miezi saba na siku ishirini na saba. Barua ya ofisi ya wafanyakazi ilisema miaka thelathini na mitano. Aliirudisha ikarekebishwe.

Alizaliwa mwaka 1965 karibu na Lugulu, akasomea uuguzi, na Jumatatu ya tarehe 4 Machi 1991 akaripoti kazini katika tawi letu la Bungoma. Alipangiwa wadi ya watoto, ambako msimu wa mvua ulikuja na kuhara. Kina mama walikuja wakiamini kwamba mtoto anayehara asinywe maji, kwa kuwa maji ndiyo yanayotoka. Sista Phelista hakubishana nao. Alichukua chujio la chai, akalimiminia maji kikombe kizima mbele yao, kisha akauliza lipi litakauka kwanza, chujio linaloongezewa maji au lile lililoachwa. Baada ya hapo aliwafundisha kuchanganya lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kupimwa sawa bila kilima. Neno "bila kilima" alilisisitiza kiasi kwamba wauguzi wenzake walimbandika jina hilo. Bado lipo. Anajua.

Sifa yake ya pili ilijulikana mapema: haoni haya kutamka neno choo. Wanaume wazima waliingia chumbani mwake wakisema wana malaria, na baada ya dakika nne walikuwa wanaeleza rangi, ugumu na idadi ya safari. Mwaka 1998 mkulima mmoja wa Kapsokwony aliambiwa alete choo kidogo cha kupimwa minyoo, kiasi cha punje ya maharagwe. Alishuka mlima kwa pikipiki akiwa amelipakata kopo la kilo mbili la mafuta ya kupikia, limejaa hadi mdomoni.

"Hii ni yako peke yako ama ya ukoo mzima?" Sista Phelista alimuuliza.

"Sista, mimi natoka mbali," alijibu. "Nilisema nisije nikaambiwa haitoshi."

Kopo lilipokelewa na risiti ikaandikwa. Minyoo ilipatikana.

Mwaka 2004 alihamishiwa Kitale. Mwaka 2009 hospitali ilipopata kamera ya tumbo, ule mpira mwembamba mweusi wenye taa kwenye ncha, alipelekwa kujifunza kuitunza na kumwandaa mgonjwa anayeingiziwa. Kliniki ilifunguliwa mwaka huohuo. Hufanyika kila baada ya wiki mbili, Alhamisi ambayo Dk. Kipngeno hufika kutoka Eldoret. Daktari ndiye anayeshika kamera. Lakini wa kuamua nani atafika mbele ya daktari, na akiwa katika hali gani, amekuwa Sista Phelista. Daftari lake linaonyesha wagonjwa 4,118.

Waliowahi kuketi kwenye benchi la nje siku ya kliniki wanaikumbuka kamba. Ni kamba ya katani ya kufungia ng'ombe, mita nane na nusu, aliyoinunua soko la Chwele. Saa moja kasorobo asubuhi aliwakabidhi wagonjwa waishike wote kwa mstari, kisha akapita fundo kwa fundo akieleza. Hapa ni mdomo, ambapo nusu ya kazi hufanyika kama mtu atatafuna. Sentimita ishirini na tano za umio, bomba la kuteremshia chakula tu. Hapa tumbo lenyewe, mfuko wa asidi kali inayokisaga chakula kikawa uji. Kutoka hapo, mita sita na zaidi za utumbo mwembamba, ambako nyongo kutoka kwenye ini na maji ya kongosho humalizia kazi na mwili huchukua chake. Mita moja na nusu za mwisho ni utumbo mpana, unaonyonya maji. Aliyeshika mwisho wa kamba alichekwa kila Alhamisi, na kila Alhamisi Sista Phelista alisema kwamba huyo ndiye aliyeshika mahali pa maana kuliko wote, kwa sababu hapo ndipo ugonjwa hujitangaza kwa damu na watu hunyamaza.

Hakukubali mtu aseme tu "nina alsa". Katika mkoa wetu neno hilo hubeba kila kitu kuanzia kiungulia hadi ndoa mbaya. Alitaka kujua maumivu huja ukiwa na njaa au ukishiba, yanakuamsha au yanalala nawe, na ni vidonge gani vya maumivu unavyomeza bila kula. Vidonda halisi vya tumbo, aliwaambia, mara nyingi huletwa na kijidudu kinachoishi ndani ya asidi, au na dawa za maumivu za kila siku. Havitokani na pilipili wala mawazo peke yake. Kijidudu hutibiwa kwa wiki mbili za dawa zilizochanganywa, na anayeacha siku ya tano kwa sababu amepata nafuu amekifundisha kijidudu kuishi. Kwa choo kigumu aliagiza maji, mboga na kutembea kabla ya kuandika dawa yoyote. Kwa bawasiri aliagiza hayohayo, na kuongeza kwamba choo si maktaba.

Kanuni yake kuu, hata hivyo, ilikuwa moja. Mgonjwa wa kamera asiwe na kitu tumboni tangu saa nne usiku. Sababu ni rahisi. Mgonjwa hupuliziwa dawa ya kutia ganzi kooni na kudungwa ya usingizi mwepesi, na kilichomo tumboni kikipanda wakati huo, koo halijui kukizuia. Kinaingia mapafuni. Mtu aliyekuja kwa sababu ya kiungulia anaweza kuondoka na nimonia, au asiondoke. Kwa hiyo kila mgonjwa aliulizwa mlangoni, na aliyekula alirudishwa nyumbani, awe diwani au dada wa kanisa. Kwa wastani watu wawili au watatu kati ya kumi walirudishwa. Sista Phelista aliiona hiyo kuwa gharama ya usalama. Mwaka huu, miezi minne kabla ya kustaafu, mgonjwa mmoja alimfanya aipige hesabu hiyo upya. Mgonjwa na jamaa zake wameruhusu habari yao iandikwe hapa, kwa sharti kwamba majina yaandikwe sawasawa.

Bethwel Kibiwott ni mkulima wa mahindi wa Kachibora, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja. Alifika mwishoni mwa Juni akisema chakula kinamkwama kifuani. Ilianza na nyama, ikafuata ugali, na sasa hata viazi vya kupondwa vilipita kwa shida. Alikuwa na kilo hamsini na nane, na mshipi wake ulikuwa na matundu mawili mapya yaliyotobolewa kwa msumari. Mzee wa umri huo, wa ukanda huu, anayekonda na kushindwa kumeza, humfanya daktari afikirie saratani ya umio kwanza na mengine baadaye. Ilihitajika kamera, na ilihitajika mapema. Kila wiki mbili zilizopotea zilikuwa za ugonjwa, si zake.

Alipewa tarehe 10 Julai. Sista Phelista alimuuliza mlangoni kama amekula, akajibu hajala. Alikuwa amekwisha kulazwa kitandani alipocheua, na chumba kikanukia maziwa.

"Mzee, ulisema hujala."

"Sijala, Sista. Hiyo ni chai tu. Chai si chakula."

Katika nyumba nyingi za huku hilo ni kweli tupu. Mtu anaweza kunywa vikombe vitatu vya chai ya maziwa na kusema tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni. Alirudishwa, akaelezwa kwamba asinywe chai.

Tarehe 24 Julai alikuwa na kilo hamsini na tano. Aliulizwa kama amekunywa chai, akasema hakunywa. Aliulizwa tena kwa sauti ya juu zaidi, akakiri kikombe cha maziwa.

"Si ulisema chai?" alijitetea. "Maziwa hukutaja."

Hapo Sista Phelista alifanya kosa analolitaja mwenyewe bila kulipunguza. Alimwambia, mbele ya benchi zima, kwamba mtu mzima anayedanganya nesi anajidanganya mwenyewe. Mzee Kibiwott alivaa kofia yake, akaondoka bila kuaga.

Jentrix Nafula, muuguzi anayerithi kliniki hii, anasema wengi walidhani mzee hatarudi. Alirudi. Tarehe 7 Agosti alikuwa wa kwanza mlangoni, kilo hamsini na tatu ndani ya koti lililokatwa kwa ajili ya mtu mwingine, na hakusubiri kuulizwa.

"Sista, usipoteze dawa yako. Nimekunywa nusu kikombe."

Kwa miaka kumi na sita Sista Phelista alikuwa amewauliza wagonjwa wamekula nini na saa ngapi. Asubuhi hiyo, kwa mara ya kwanza, aliuliza swali jingine: "Nani anakupa?"

Alimpeleka chumbani, akafunga mlango, na habari ikatoka taratibu. Kliniki huanza saa moja, na barabara ya kutoka Kachibora wakati wa mvua haina ahadi. Kwa hiyo mzee hulala Kitale kwa binti yake Linah. Linah aliolewa mwaka 2014 na Gicheru, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na baba yake hakuikubali ndoa hiyo. Sababu hazina haja ya kuandikwa. Wakaaji wa Trans-Nzoia, wanaojua kabila la kila jina, wanaweza kuzikisia. Kwa miaka minane hakukanyaga nyumba ile. Mwaka 2022 mjukuu wake, Wakiuru, alipobatizwa, alikuja, akaketi, akanywa kikombe kimoja cha chai. Kikombe hicho kilihesabiwa kuwa amani. Watu wote walingoja afuatie kula chakula cha mkwewe, kwa sababu hapo ndipo amani hukamilika. Hakula. Kila alipoandaliwa alisema ameshiba.

Ukweli ni kwamba nyama ilikuwa imeanza kumkwama mwaka huohuo. Mzee Kibiwott aliona afadhali aitwe mwenye kiburi kuliko mgonjwa. Gicheru naye aliamini kwamba ugomvi haujaisha. Kwa hiyo kila mzee alipolala kwake, Gicheru aliamka mwenyewe alfajiri, akachemsha chai kwa mkono wake, akamletea. Na mzee, aliyekuwa amekwisha kukataa chakula, hakuweza kukataa na hicho kilichobaki. Nyumbani mle walijua anakwenda kupimwa presha. Aliposema chai imekatazwa, Gicheru alipasha maziwa.

"Mwambie ukweli," Sista Phelista alisema.

"Nikimwambia huyo kijana, atanihurumia."

"Afadhali akuhurumie kuliko akuzike."

Mzee alikubali, ila maneno yatoke kwa Sista, si kwake.

Wengine wangempa kitanda katika wadi alale humo usiku huo, au wangemwambia aje moja kwa moja kutoka Kachibora. Yote mawili yalipendekezwa, na mzee akayakataa yote mawili: kulala Kitale na kuipita nyumba ya mkwewe kungekuwa tusi kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Jumatano, tarehe 20 Agosti, siku yake ya mapumziko, Sista Phelista aliahirisha safari yake ya Bungoma na kwenda kwa Gicheru saa kumi jioni, mzee akiwa ameshafika kutoka Kachibora. Alikaribishwa kwa chai. Alikunywa vikombe viwili. Yeye hakuwa na miadi.

Aliyasema yote kwa mpangilio, kama anavyosoma ripoti ya zamu. Linah, aliyekuwa ameona baba yake akikonda na kudhani ni sukari, alilia na kuendelea kukunja nguo. Mwishoni Gicheru aliuliza jambo moja.

"Kwa hivyo si kwamba hapendi chakula changu?"

"Baba Wakiuru, chakula chako hakijawahi kufika. Kinakwama njiani."

Gicheru alitoka akaenda dukani mbele ya nyumba. Alirudi na vipande viwili vya bomba la maji, cha inchi moja na cha nusu inchi, akaviweka mezani. "Ilikuwa hivi, sasa imekuwa hivi?"

"Hata hicho cha pili ni kipana."

Gicheru alimtazama mkwewe. "Mzee, si ungesema? Mimi kazi yangu ni mabomba bana."

Linah anasema hapo ndipo baba yake alipocheka, kwa mara ya kwanza katika nyumba ile. Sista Phelista aliitumia nafasi hiyo kuomba radhi kwa kumwita mwongo mbele za watu. Wenzake wa zamani wanasema hiyo ni radhi ya tatu tangu mwaka 1991. Mbili za kwanza hazijathibitishwa.

Likabaki jambo la asubuhi. Gicheru hakuona namna ya kumtoa mkwewe nyumbani na mdomo mkavu, hasa sasa. "Mgeni wangu atoke hivihivi? Nitakuwa mtu wa aina gani?"

"Chai ije hospitali," Sista Phelista aliamua. "Ichemshe alfajiri kama kawaida, itie kwenye thamosi, uje nayo. Akimaliza kupimwa na koo likiamka, utammiminia wewe mwenyewe."

"Na mlangoni wataniruhusu na thamosi?"

"Mlango ni mimi."

Alhamisi, tarehe 21 Agosti, Mzee Kibiwott aliandikwa wa kwanza. Kilo hamsini na nusu. Tumbo lilikuwa tupu; Sista Phelista alimuuliza kwa njia saba tofauti, na Gicheru, aliyesimama nyuma na thamosi kifuani, akatikisa kichwa mara zote saba. Kamera iliteremka hadi sentimita thelathini na nne kutoka kwenye meno na kusimama. Mbele yake umio ulikuwa umebana kiasi kwamba mpira haukupita. Dk. Kipngeno alikata vipande sita vidogo vya nyama ya hapo vikapimwe maabara, akatoa kamera, na kwenda kunawa mikono. Sista Phelista, aliyefanya naye kazi miaka kumi na sita, anasema kwa kunawa kule alijua daktari naye anahofia saratani.

Gicheru alikaa kwenye varanda kuanzia saa moja kasorobo hadi saa tatu na dakika ishirini. Ganzi ilipoisha na mzee akaweza kumeza mate bila kukohoa, aliitwa ndani. Alimimina chai, iliyokuwa vuguvugu sasa, akampa mkwewe kwa mikono miwili. Mzee alikunywa kidogokidogo hadi mwisho.

Majibu yalichukua siku kumi na moja. Katika siku hizo Gicheru alipiga simu kliniki mara tisa. Jumatatu, tarehe 1 Septemba, Sista Phelista ndiye aliyempigia.

"Andika," alimwambia. "Si saratani. Narudia, si saratani. Ni kovu. Na mwambie magadi aache leo, si kesho."

Maelezo kamili ni haya. Mdomo wa chini wa umio una msuli unaofunga ili asidi ya tumbo isipande. Wa Mzee Kibiwott ulilegea miaka mingi iliyopita, na asidi ikawa inapanda kila usiku. Alipata kiungulia, akakituliza kwa kulamba magadi, kama walivyofanya baba yake na majirani zake. Magadi hupoza kwa nusu saa, lakini moto wenyewe hubaki. Mahali panapoungua na kupona, kuungua na kupona, huota kovu, na kovu hujikunja. Bomba la inchi moja likawa robo. Tarehe 4 na 18 Septemba Dk. Kipngeno aliupanua umio huo hatua kwa hatua, kwa vijiti laini vinavyoongezeka unene. Mzee alipewa vidonge vya kupunguza asidi vya kumeza kila asubuhi kabla ya kula, akaambiwa asilale kabla ya muda wa saa tatu kupita baada ya chakula cha jioni, na kitanda chake kikainuliwa upande wa kichwa kwa matofali mawili. Matofali yalitoka dukani kwa Gicheru. Alileta manne, achague.

Sista Phelista hakuishia hapo. Katika wiki ya kwanza ya Septemba aliichukua karatasi ya maagizo ambayo kliniki imewapa wagonjwa tangu mwaka 2009, akaichana, na kuandika nyingine. Ya zamani ilianza na "Mgonjwa usile". Mpya inaanza na "Kwa wenye nyumba atakamolala mgonjwa". Inasema kwamba mgonjwa huyu hakatai ukarimu wenu, bali anauahirisha. Inataja kwa majina chai, maziwa, mursik, yaani maziwa ya kugandishwa, uji, soda na supu, na mwishoni inawakaribisha wenyeji waje hospitali na chochote walichotaka kumpa, wampe baada ya kupimwa. Jentrix aliona ni ndefu. Lakini katika kliniki nne zilizofuata, wagonjwa arobaini, amerudishwa mmoja tu, mwalimu mstaafu aliyesema karatasi aliisoma, akaipenda, na akaisahihisha nukta. Varanda nayo imejaa thamosi. Idara ya usafi imelalamika kwa maandishi.

Hayo ndiyo mafanikio ambayo Sista Phelista anataka yaandikwe. Alipoulizwa kuhusu vyeti na tuzo alisema viko kwenye kabati, na kabati lina kutu. Kwa rekodi tu: aliwafundisha wauguzi kumi na wanane wa kamera, katika wagonjwa 4,118 hakuna hata mmoja aliyepata chakula mapafuni, na alichelewa kazini mara moja, mwaka 2013, mto ulipofurika, akaleta barua ya chifu.

Mzee Kibiwott alipimwa tena tarehe 16 Oktoba. Kilo hamsini na tano. Dk. Kipngeno alimruhusu kujaribu nyama, iwe laini na itafunwe vizuri. Jumapili iliyofuata, tarehe 19, alishuka kutoka Kachibora bila miadi yoyote na hospitali. Gicheru alimwandalia ugali, mboga ya managu na nyama ya mbuzi iliyochemshwa tangu asubuhi hadi ikaachana na mifupa. Linah ndiye aliyetupigia simu kueleza. Mzee alinawa, akaomba, akala. Alitafuna kila tonge kwa muda mrefu huku watu wote wakijifanya wanatazama mahali pengine. Ilimchukua dakika arobaini. Kisha akaisukuma sahani mbele na kusema, "Baba Wakiuru, ongeza."

Gicheru aliongeza. Baadaye alitoka, akaenda dukani, na akakaa huko kitambo, ingawa Jumapili duka huwa limefungwa.

Sista Phelista alipopewa habari hizo Jumatatu asubuhi aliuliza kama nyama ilikuwa laini. Alipohakikishiwa, alimwita mgonjwa anayefuata.

Sista, anarudi nyumbani Lugulu mtu ambaye tulizoea kumpata mlangoni. Ahsante kwa wale uliowaruhusu kuingia, na ahsante zaidi kwa wale uliowarudisha wakiwa hai na hasira. Jentrix atakuwa na funguo na karatasi. Wewe lala hadi jua likukute kitandani, kula kwa saa zako, na asiwepo wa kukuuliza umekula nini. Uwe na siku nyingi, zenye afya na wageni wema.